Mshono Usio Wangu

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, ngoja nimvute mkono kidogo ili twende pamoja.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Miaka thelathini na moja nimekaa nyuma ya kioo cheusi nikiunganisha vilivyokatika. Mtaa mzima wa karakana wananiita Cheche. Nilieleza jinsi macho yangu yalivyoanza kuingia ukungu, na jinsi daktari alivyoniambia ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na foleni ya kupasuliwa ni miezi saba. Nina watoto wanne niliowazaa. Huyu wa tano aliingia jichoni bila kupiga hodi.

Sikumwambia mtu, hata mama watoto.

Nilieleza pia habari ya mtihani. Karakana tisa za mtaa wetu zilikuwa zinakufa taratibu. Mageti na matangi yalianza kuja kutoka mbali yamefungwa nailoni, yamepigwa rangi, yanameta, na bei yake ukiisikia unajua huwezi kushindana nayo. Sisi tukabaki kuziba sufuria na kuunga fremu za baiskeli. Ndipo ikatangazwa kazi ya minara kumi na miwili ya matangi ya maji, ya kuwekwa mashuleni. Wenye kazi walisema wako tayari kutupa sisi wa mtaani kwa sharti moja: tuwe na mafundi wanne, si chini ya hapo, wenye cheti cha chuo cha ufundi. Mafundi thelathini tukajiandikisha.

Chuo kilikuwa na mashine mbili tu nzima. Kwa hiyo kila mtu alichomelea bamba lake la mtihani kwenye karakana yake, akaligonga namba yake kwa nyundo, akalipeleka.

Bamba langu liligongwa namba kumi na saba. Aliyelichomelea ni binti yangu, aliyeyagundua macho yangu bila kuambiwa.

Hapo ndipo nilipowaachia. Sasa sikilizeni yaliyofuata, na anayetaka kunilaani naomba asubiri nimalize.

Binti yangu ni kitindamimba. Ana miaka ishirini na minne. Kaka zake walikimbia moshi, mmoja akawa karani, mwingine dereva, wa tatu sijui hata nisemeje. Huyu wa mwisho alibaki. Alipofika miaka kumi na tisa alikuwa amekwisha kunipita. Mimi nilijua, yeye alijua, tukajifanya hatujui.

Naye alijiandikisha mtihani, namba ishirini na tatu. Kwa hiyo alichomelea mabamba mawili, la kwangu asubuhi, la kwake jioni.

Siku ya matokeo tulikaa kwenye madawati ya chuo, mafundi thelathini na wake zao na wateja wao, joto limetuelemea. Mbele alisimama mkaguzi wa chuo, mtu mrefu mkimya ambaye hatembei bila rula mfukoni. Tulimpachika jina la Bwana Kipimo, akalizoea.

Mabamba yote yalikuwa yamekatwa vipande, kila kipande kikakunjwa kwenye mashine mpaka kikawa kama kiatu cha farasi. Mshono mbovu ukikunjwa hupasuka. Mezani kulikuwa na rundo la vipande vilivyopasuka, na pembeni vichache vizima.

"Waliopita ni watano," akasema Bwana Kipimo.

Watano! Mtu wa nyuma yangu akapiga dawati. Tulihitaji wanne.

"Wa kwanza kwa alama zote ni namba kumi na saba."

Wakanigeukia. Wakanipiga mgongoni. Jirani yangu, fundi bomba mstaafu, akaninong'oneza, "Wewe mzee ni moto wa kuotea mbali." Nikacheka. Kicheko chenyewe kilitoka kama kikohozi.

Akasoma wengine watatu. Kisha akasema, "Namba ishirini na tatu." Binti yangu akainamisha kichwa. Nilijua anaficha tabasamu.

"Lakini," akasema Bwana Kipimo.

Jamani, hilo neno.

Akachukua vipande viwili, akaviweka sambamba juu ya meza. "Mshono ni kama mwandiko. Mawimbi yamepangana vilevile. Kila rodi ya kuchomelea inapoisha, moto umefungwa kwa kamzunguko kalekale kadogo. Hawa si watu wawili. Huu ni mkono mmoja."

Watu wakanyoosha shingo waone.

"Nauliza mara moja tu. Nani alichomelea mabamba haya?"

Sheria ilikuwa imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, hata mimi na macho yangu niliweza kuisoma. Anayeleta bamba lisilo lake, nje miaka miwili. Anayemchomelea mwenzake, nje miaka miwili.

Nikapiga hesabu haraka. Nikisema ukweli, ninatoka mimi, anatoka na yeye. Watano toa wawili ni watatu. Minara imekwenda. Karakana tisa zimekwenda.

Pamoja na hayo nilisimama. Naapa nilisimama, mdomo nimeufungua.

Binti yangu alikuwa amesimama kabla yangu.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe ndiye uliyechomelea?"

"Hapana. Ni mimi niliyeiba. Baba alichomelea mawili, moja la mazoezi. Akaligonga namba yake lililomfurahisha. Lile jingine nililichukua nikaligonga namba yangu. Yeye hajui chochote."

"Umeiba bamba la baba yako?"

"Nimeiba."

Bwana Kipimo akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko inavyopasa.

"Fundi Cheche. Ndivyo ilivyokuwa?"

Watu wote wananisubiri. Wale wenye karakana nane nyingine wananisubiri. Binti yangu hakunitazama kabisa.

"Mimi... sikujua," nikasema.

Maneno mawili tu. Na kwa namna yake yalikuwa kweli, maana sikujua kama angesema vile. Nimejaribu kujifariji kwa hilo. Halinifariji.

Bwana Kipimo akachukua kalamu, akakata namba ishirini na tatu.

Habari ilitutangulia nyumbani. Mama watoto ni mshoni, cherehani yake iko sebuleni karibu na mlango, na mlangoni pale hapiti mtu bila kuacha neno. Tulipoingia alikuwa amesimama, nguo ya mteja imeanguka sakafuni, hajaiokota.

"Niambie wamekusingizia," akamwambia binti yetu.

"Hawajanisingizia, mama."

"Niambie tena."

"Niliiba."

"Kwa baba yako? Mtu aliyekufundisha kushika chuma kabla hujajua kushika sahani?"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Kesho nikipita sokoni nijifunike uso na nini? Wameshasema mtaa mzima, mtoto wa Cheche mwizi! Wenzako wamekuja kujifunza kazi, wewe umekuja kujifunza mkono mrefu!"

Binti yangu alisimama tu. Mikono yake ina makovu madogo ya cheche kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko, kama mtu aliyenyunyiziwa chumvi. Nilikuwa nayaona makovu yale kwa kuyakumbuka, si kwa kuyatazama.

Mama watoto akanigeukia mimi. "Na wewe sema basi! Umekaa kama mgeni aliyekuja kupokea posa!"

Wasomaji wangu, nafasi ilikuwa ile. Chumba chetu, watu watatu, mlango umefungwa. Hakuna karakana tisa pale, hakuna minara, hakuna Bwana Kipimo.

Nikasema, "Mwache, mama watoto. Amekosa, basi."

Binti yangu akacheka. Kicheko kifupi cha puani, kisha akaingia chumbani.

Alitoka na begi moja. Akachukua glavu zake za ngozi na ngao yake ya uso iliyokuwa imetundikwa ukutani karibu na yangu. Akasema anakwenda kwa shangazi yake, dada yangu, upande wa pili wa mji.

Nilimfuata mpaka mlangoni. Akageuka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, kuna ngazi hapo."

"Baba yako anaijua ngazi ya nyumba yake!" mama watoto akafoka kutoka ndani. "Hata adabu umeiba?"

Nilikuwa nimeinua mguu. Ngazi sikuwa nimeiona.

Siku tatu zikapita. Karakana walikuwa wanaimba. Watu waliokuwa hawasemezani wakaanza kuazimana grainda za kukatia chuma. Mzee mmoja mwenye karakana ya madirisha alikuwa ameshaandika kibao cha kuuza mashine zake. Akaking'oa, akakichanja vipande, akakitumia kuwashia jiko la chai. Kila aliyepita alinisalimia kama mtu aliyerudi kutoka vitani.

"Mwalimu! Ukianza mnara wa kwanza tuite tuje tutazame!"

Mimi najibu, "Haya, haya," huku nimekalia kigoda nikijifanya nanoa patasi.

Na kila nikifumba macho nauona mnara. Miguu minne ya chuma, juu yake lita elfu tano za maji. Chini watoto wa shule wamepanga foleni na vikombe vyao. Na mguu mmoja nimeuchomelea mimi.

Siku ya nne nikaenda chuoni.

Ofisi ya Bwana Kipimo ni ndogo, meza ya chuma, feni inayolia, na vipande vya mabamba vimepangwa dirishani kama watu wengine wanavyopanga vitabu. Alinikaribisha kwa mikono miwili.

"Fundi! Umesikia habari njema?"

"Bwana mkubwa, mimi nimekuja na mbaya."

"Kaa kwanza."

"Nikikaa sitasema. Ule mshono si wangu."

Aliinuka, akafunga mlango. Akarudi akakaa, akaitoa rula mfukoni, akaiweka mezani.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Cheche, mimi nimechomelea miaka kumi na minane kabla sijashika kalamu. Binti yako anatumia mkono wa kushoto. Mshono wake unatembea kutoka upande ambao nyinyi wengine mnaishia. Mabamba yote mawili yametembea hivyo. Ungekuwa umechomelea wewe, hata moja, mawimbi yangeelekea kwingine."

Kichwa kikawa maji. "Basi mbona ulimwacha asimame mbele za watu ajiite mwizi?"

"Mbona wewe ulimwacha?"

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Sikiliza," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali. Afadhali ingekuwa ya ukali. "Nilipouliza pale mbele, nilitaka mseme nyinyi wenyewe. Mngesema ukweli, ningebaki na watatu na kazi imekwenda. Yule binti akasimama akanipa wanne. Nikaandika alichosema. Nimeona mitaa mingapi ikiuza mashine zake kwa kilo kama chakavu? Mafundi wenye mikono ya ajabu wanakwenda kuwa walinzi wa magodauni, kwa sababu hawana karatasi ya kuonyesha wanachokijua. Huu mtaa wenu nilitaka upone."

"Basi rekebisha. Mpe yeye cheti, mimi nitoe."

"Na sheria? Alimchomelea mwenzake. Anatoka na yeye. Hesabu ni ileile."

"Sheria unayo wewe!"

"Sheria ninayo, lakini bamba sikuliona mimi peke yangu. Ripoti imeshafika kwa wenye kazi tangu juzi." Akavuta pumzi. "Na ndiyo hiyo habari njema niliyokuwa nikuambie. Jumatano wanakuja. Wanataka kumwona fundi mmoja akichomelea kwa macho yao kabla ya kusaini. Wamechagua wenyewe. Walilipenda bamba lako."

"Si langu!"

"Lenye namba yako."

"Waambie naumwa."

"Wakisikia mgonjwa wamebaki watatu."

"Waambie nimekufa basi."

"Nao watasema poleni, mmebaki watatu."

Ningecheka siku nyingine yoyote.

Nikamwambia kuhusu macho. Hilo hakuwa analijua. Alikuwa amedhani nimeogopa mtihani tu, kwamba mkono umezeeka. Alishika rula akaigeuzageuza.

"Unaona kiasi gani?"

"Nakuona wewe ni mtu. Shati lako sijui ni jeupe au la bluu."

"Ni la kijani," akasema polepole.

Akairudisha rula mezani. Feni inalia.

"Dakika kumi tu," akasema mwisho. "Bamba lililolazwa mezani, mshono mmoja mfupi. Nitakupangia mahali pa kivuli. Mkono wako unaijua njia, hata ukifumba macho. Wakishasaini, hutashika moto tena. Nitakuweka msimamizi."

"Msimamizi asiyeona?"

Akatazama dirishani.

Nilikwenda kutubu, nikarudi na kazi.

Jumanne jioni nilikuwa nimekaa sebuleni, mama watoto anashona. Tangu binti aondoke alikuwa anasema na cherehani tu. Ghafla akaizima.

"Wifi kaleta barua ya mwanao. Sina miwani yangu hapa. Nisomee."

Akanipa karatasi.

Niliipokea. Niliiinua karibu na taa, nikaisogeza mbali, nikaileta tena. Niliona mistari ya kijivu ikielea kama sisimizi kwenye uji. Nikasafisha koo.

"Anasalimia," nikasema. "Anasema hajambo. Shangazi yake anamtunza vizuri."

"Enhe?"

"Anasema... anatuomba tumsamehe. Anakukumbuka sana wewe."

"Kaandika hivyo?"

"Ndivyo alivyoandika."

Akaja akaichukua karatasi mkononi mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Hivi ni vipimo vya gauni la mke wa fundi rangi," akasema. "Kifua, kiuno, nyonga, urefu."

Nikapigwa na butwaa.

"Wiki mbili unamwaga chai nje ya kikombe. Juzi umemwamkia mwenye duka ukidhani ni kaka yako. Nikasema labda mawazo. Tangu lini, baba watoto?"

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka jana," akarudia. Akakaa chini, sakafuni kabisa. Nilijua kinachokuja. Yeye ni mtu wa kupima na kukata, hesabu hazimpotei. "Kwa hiyo lile bamba..."

Nikanyamaza.

"Bamba lile la kwanza kwa alama zote. Ulichomelea kwa macho gani?"

Nikanyamaza.

"Mungu wangu. Ni mtoto." Akashika mdomo. "Ni mtoto aliyekuchomelea. Na mimi nikamsimamisha pale nikamwita mwizi, na wewe umekaa kwenye hicho kiti. Kwenye hichohicho!"

"Mama watoto, karakana tisa..."

"Sikuulizi karakana!" Alilia. Katika miaka thelathini ya ndoa nimemwona akilia mara tatu, mbili zilikuwa misiba. Nilinyoosha mkono kumshika bega, nikashika hewa. Alikuwa amesogea.

Alipotulia nilimweleza yote, mpaka ya Bwana Kipimo na Jumatano.

"Usiende," akasema.

"Nisipoenda ni mimi niliyewanyima watu wote kazi."

"Na ukienda, minara itasimama juu ya watoto wa watu."

"Amesema sitashika moto tena."

"Na wewe umemwamini." Akajifuta uso kwa kitambaa cha mteja. "Haya. Wewe nenda. Na mimi nitakuja."

"Kufanya nini?"

"Mke haruhusiwi kumtazama mumewe akisifiwa?"

Asubuhi nilipoamka hakuwepo. Cherehani imefunikwa. Nikajua amekwenda kwa dada yangu, ingawa kwa nini amekwenda, na atarudi na nani, sikuweza kujua.

Karakana ya chuo ilikuwa imejaa. Wameifagia, wamenyunyiza maji kutuliza vumbi, wamepanga viti mbele. Mlango mkubwa wa bati umefunguliwa, na mwanga wa saa nne unaingia mzima mzima. Kile kivuli nilichoahidiwa kilikuwa kimekaliwa na wageni.

Wageni walikuwa watatu. Mkuu wao alikuwa mwanamama, mhandisi, sauti nzito yenye utulivu. Alinishika mkono.

"Nimekuwa nikiwaambia wenzangu, mshono kama ule nimeuona mara chache sana. Nimekuja kujifunza, Fundi."

"Karibu, mama," nikasema. Nilitamani aniambie jambo baya.

Bwana Kipimo akaniongoza mpaka mezani kwa kunishika kiwiko, akijifanya ananionyesha heshima. "Mbele yako," akaninong'oneza. "Bamba liko usawa wa kitovu. Namba iko kushoto. Anza hapo."

Nikavaa glavu. Nikabana rodi. Nikapapasa ukingo wa bamba kwa kidole, nikaupata mfereji wa mshono. Nikasema moyoni, mkono, usiniaibishe.

Nikashusha ngao.

Nikagusa.

Moto ukashika, na mbele yangu pakawa na maziwa. Weupe mtupu. Nyuma ya kioo kile ambako zamani niliona ziwa dogo la chuma kilichoyeyuka, mwambao wake, mawimbi yake, sasa sikuona hata ncha ya rodi. Nikaifuata sauti. Fundi mzee anaweza kusikia mshono. Ukienda vizuri unakaanga sawasawa, bila kurukaruka. Kwa kitambo ulikaanga. Nilihisi joto kwenye kidole gumba, nikahesabu, nikasogea. Nyuma yangu watu wametulia. Nikaanza kuamini. Labda dakika kumi zitapita. Labda mkono kweli unaijua njia.

Sauti ikabadilika. Ikapiga kwikwi, ikatema, ikazima.

Nikagusa tena. Kimya. Nikagusa tena, nikasikia rodi ikigonga mbao ya meza.

"Amemaliza?" mmoja wa wageni akauliza.

"Anabadilisha rodi," akasema Bwana Kipimo haraka.

Nilinusa mbao inayoungua. Kila mtu aliinusa. Nikasikia mtu anamwagia maji, na mmoja wa mafundi wenzangu, sauti nimeijua, ni yule mzee wa madirisha, akasema polepole, "Cheche, vipi?" Alisema kwa huruma. Ile huruma ilinimaliza nguvu.

"Nipeni dakika," nikasema.

"Asipewe."

Ilikuwa sauti ya mama watoto. Ilitoka mlangoni.

Miguu ya viti ikakwaruza sakafu. Watu wakageuka. Bwana Kipimo akasema, "Mama, tafadhali, tuko kazini," na yeye akajibu, "Na mimi niko kazini, bwana. Nimekuja kukusaidia kupima."

Nikasikia kandambili zake zikija. Zikasimama.

"Mheshimiwa mgeni," akasema, "naomba nimuulize mume wangu swali moja. Akijibu sawa, nitaondoka, nanyi msaini karatasi zenu. Asipojibu sawa, mtanisikiliza mimi, maana kuna mtu ameitwa mwizi na hakuiba."

"Mama watoto," nikasema.

"Mwache aulize," akasema yule mhandisi. Au nilidhani ni yeye. Sauti ilitoka pembeni, au nyuma, karakana ile ina mwangwi.

"Baba watoto, inua ngao."

Nikainua. Mwanga wa mlango ukanipiga usoni, na mabaki ya moto yalikuwa bado yanacheza machoni, zambarau na kijani. Karibu yangu, hatua moja tu, alisimama mtu. Niliona umbo jeusi dhidi ya mwanga. Mabega. Kichwa kimefunikwa, kofia au kitambaa. Alikuwa amesimama wima, hatikisiki, hapumui hata kwa kusikika.

"Mbele yako amesimama nani?" mama watoto akauliza.

Karakana nzima ilitutazama. Mafundi wenzangu, na wake zao, na watoto wao waliokuwa wamebebwa. Mtu alishika bati lililokuwa likipigapiga, akalizuia.

Nilivuta hewa kwa pua nipate hata harufu. Moshi tu, na mbao iliyoungua.

Inaweza kuwa mhandisi. Alikuwa na kofia ngumu kichwani, nilipomsalimia nilimsikia akiigonga kwa vidole. Inaweza kuwa binti yangu, kama mama yake amempata, kama amekubali kuja, kama amenisamehe kiasi cha kusimama mbele yangu. Nilisogeza mguu mbele kidogo. Lile umbo halikusogea.

Ningeweza kusema sijui. Ndilo jibu la kweli, na lingemaliza yote palepale.

Lakini nilikuwa nimemkana mara mbili, ukumbini na sebuleni, na nikaona siwezi kumkana mara ya tatu akiwa hatua moja kutoka kwangu.

Nikanyoosha mkono wenye glavu.

"Mwanangu," nikasema.

Yule mtu hakujibu. Alikuwa nani, subirini gazeti la wiki ijayo.